Mgema Akisifiwa: Wimbi, Busaa na Lugha ya Kuonja Katika Bungoma na Kitale

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hufunzwa shuleni kama onyo kwa anayesifiwa, kwamba asilewe sifa akaharibu kazi yake. Ni nadra kutazamwa kutoka upande wa pili, yaani upande wa wanaosifu. Mgema huyo angethubutu vipi kulitia tembo maji kama wanywaji wake wangekuwa na ulimi wa kuyatambua maji na maneno ya kuyataja? Sifa iliyomponza ilikuwa sifa ya jumla: tembo lako ni zuri, tembo lako ni tamu. Hakuna aliyemweleza lilikuwa zuri kwa lipi, wala lilizidi la jirani yake kwa kipi. Mtu anayesifiwa bila kuelezwa anachosifiwa hana jambo mahususi la kulinda.

Makala haya yanaichunguza kauli hiyo kwa kutumia kinywaji kimoja na nafaka moja. Kinywaji ni busaa, ambayo Wabukusu wa Bungoma huijumuisha katika jina kamalwa. Nafaka ni wimbi, ambalo huipa busaa kimea chake. Maeneo yanayorejelewa ni Bungoma, iliyo kusini mwa Mlima Elgon, na Kitale, iliyo mashariki mwa mlima huo. Hoja kuu ni kwamba ustadi wa kuonja ni suala la lugha kama ulivyo suala la ulimi, na kwamba jamii inayopoteza maneno ya kuonja huwa katika hatari ya kupoteza kinywaji chenyewe, na hata mmea unaokizaa. Maelezo haya yasichukuliwe kuwa mwaliko wa ulevi. Mwonjaji na mlevi ni watu wawili tofauti: mmoja hutafuta kujua, mwingine hutafuta kusahau.

Wimbi: mwenyeji aliyempisha mgeni

Wimbi, ambalo Watanzania wengi huliita ulezi na Wabukusu huliita bulo, ni mmea wenye asili katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia. Wataalamu wa mimea huliita Eleusine coracana. Lilianza kulimwa hapa maelfu ya miaka iliyopita, kisha likavuka bahari hadi India, ambako hadi leo huliwa kwa jina la ragi. Punje zake ni ndogo mno, nyingi zikiwa na rangi nyekundu iliyokolea au hudhurungi. Lina madini mengi ya kalsiamu kuliko nafaka nyingine za kawaida, na likikaushwa vizuri huweza kukaa ghalani miaka mingi bila kuharibiwa na wadudu. Kwa sababu hiyo wazee walilitegemea kama akiba ya mwaka wa njaa.

Mahindi yalikuja baadaye, na katika eneo hili yalipata makao yao makuu Kitale. Mji huo, ulio takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ulifikiwa na reli mwaka 1926. Mwaka 1956 ilianzishwa huko kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, na mwaka 1964 ikatolewa kwa wakulima mbegu chotara ya mahindi iitwayo H611, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Kitale. Mavuno yalipanda, na mahindi yakaenea kutoka mashamba makubwa hadi kwenye vishamba vya nyuma ya nyumba. Trans Nzoia ikajulikana kama ghala la taifa.

Si haki kudai kwamba wakulima waliliacha wimbi kwa kulidharau. Wimbi lina kazi nyingi. Linapochipuka hufanana sana na gugu la jamii yake, hivyo palizi huhitaji jicho la mzoefu na mgongo wa kuinama siku nzima. Wakati wa kuvuna, masuke hukatwa kwa kisu, moja baada ya jingine. Baada ya hapo kuna kupura, kupepeta na kuondoa mchanga. Mama aliyekuwa na watoto wa kulisha na karo ya kulipa alipewa mbegu inayozaa magunia mengi kwa kazi chache zaidi, akaichagua. Matokeo yake ni kwamba leo, katika masoko ya Kitale na Bungoma, kilo ya wimbi kwa kawaida huuzwa kwa bei ya juu kuliko kilo ya mahindi. Bei hii ndiyo chanzo cha kishawishi kitakachoelezwa baadaye.

Jinsi busaa inavyopikwa

Ili kuonja kwa maarifa, sharti mtu ajue kilichomo ndani ya mtungi. Busaa ya siku hizi huanza na unga wa mahindi. Unga huo hukandwa kwa maji ukawa donge zito, hufunikwa kwa siku kadhaa hadi uchache, kisha hukaangwa juu ya bati au karai pana kwenye moto wa kuni. Mpishi huugeuzageuza bila kupumzika hadi uwe na rangi ya hudhurungi na kutoa harufu inayosikika nyumba ya tatu. Wakati huohuo, wimbi hulowekwa, hufunikwa hadi lichipue, huanikwa juani, kisha husagwa. Unga huu wa wimbi lililochipua ndio kimea.

Unga uliokaangwa, maji na kimea huchanganywa na kuachwa siku mbili hadi nne. Katika muda huo mambo matatu hutendeka. Kwanza, vimeng'enya vilivyo ndani ya kimea huvunja wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Pili, hamira huila sukari hiyo na kutoa kileo pamoja na hewa inayoleta povu. Tatu, bakteria wa jamii ileile inayogandisha maziwa lala huleta asidi, na asidi hiyo ndiyo huipa busaa uchachu wake. Kileo kinachopatikana ni kidogo, kwa kawaida asilimia 2 hadi 4.

Baada ya hapo njia hugawanyika. Kuna busaa inayochujwa na kunywewa kwa vikombe, na kuna inayoachwa na mashapo yake mtungini, ikamiminiwa maji ya moto, na wazee wakaizunguka wakiinywa kwa mirija mirefu. Mrija mmoja Wabukusu huuita lusekhe, na mingi huitwa chisekhe. Majirani zao Wateso huinywa kwa namna hiyohiyo pombe yao ya wimbi iitwayo ajon, na ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, pombe ya aina hii hujulikana kama malwa.

Ni muhimu kutambua mgawanyo wa kazi uliopo. Mahindi huleta wingi na harufu ya kukaangwa. Wimbi huleta nguvu ya kuumua, rangi yenye wekundu na kiini cha ladha. Ngozi ya punje nyekundu ya wimbi ina tanini, kitu kilekile kilichomo katika majani ya chai na katika maganda ya zabibu nyekundu. Anayepunguza kimea cha wimbi ili kuokoa fedha hupunguza vyote hivyo kwa mkupuo mmoja. Busaa yake itajaza kikombe, lakini haitajaza kinywa.

Msamiati wa kuonja

Mara nyingi hudaiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kueleza ladha, kwamba kila kizuri ni kitamu na kila kibaya si kitamu. Dai hili halina msingi. Maneno yapo, kinachopungua ni watu wa kuyatumia.

Ukakasi ni ile hali ya ulimi na ufizi kukauka na kujikunyata, kama mtu aliyeuma ndizi mbichi. Ni athari ya tanini. Wanaoonja mvinyo mwekundu Ulaya huitafuta hali hii na kuipima kwa makini, na Kiswahili kina neno lake moja, tena la kale. Katika busaa, ukakasi mwepesi unaobaki nyuma ya ulimi ni dalili ya kimea cha wimbi jekundu kilichotosha.

Ugwadu ni ukali safi wa ukwaju, wa limau au wa embe bichi. Uchachu ni ukali wa kitu kilichoumuka au kulala. Busaa njema ina uchachu unaoelekea ugwadu: huchangamsha mate bila kuudhi. Uchachu ukizidi na kuambatana na harufu ya siki, busaa imepita siku zake.

Uchungu wa busaa hutoka hasa kwenye moto. Unga ukikaangwa kwa kiasi, huleta uchungu mdogo kama wa ukoko wa ugali. Ukiungua, uchungu huo hutawala kinywa na kuficha mengine yote. Utamu, kwa maana ya ladha ya sukari, huwa mwingi siku ya kwanza na hupungua kadiri hamira inavyofanya kazi yake. Kwa hiyo utamu mwingi katika busaa inayodaiwa kuwa ya siku tatu humfanya mwonjaji ashuku kwamba imetiwa sukari.

Chapwa na dufu ni maneno ya kitu kisicho na ladha, kitu kilichotiwa maji. Kinyume chake ni kukolea: busaa iliyokolea ni ile ambayo kila sehemu yake imefika inapopaswa kufika. Kuhusu uzito, kuna nyepesi, kuna nzito, na kuna yenye chenga, ambayo haikuchujwa vizuri. Kuhusu harufu, Kiswahili hutofautisha kunukia na kunuka kwa silabi moja tu, na silabi hiyo hubeba hukumu nzima.

Utaratibu wa kuonja

Kuonja huanza na macho. Busaa humiminwa katika chombo cheupe au cha kioo, ikatazamwa penye mwanga. Rangi inayotarajiwa ni hudhurungi yenye wekundu, isiyopenya mwanga kwa sababu ya chembe za nafaka. Rangi iliyopauka huashiria kimea haba au moto mdogo. Povu dogo linalochemka taratibu huonyesha kwamba hamira ingali hai.

Kisha pua. Chombo huzungushwa kidogo na kunuswa mara mbili: mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili kwa utulivu. Harufu ya nafaka iliyokaangwa hutangulia, ikifuatwa na ya mkate unaoumuka, na mwisho uchachu. Harufu ya ukungu ni sababu tosha ya kukiweka kikombe chini.

Kisha kinywa. Funda dogo huzungushwa ulimini kwa muda mfupi kabla ya kumezwa au kutemwa. Mwonjaji hujiuliza: nini kimetangulia, nini kimefuata, na nini kimebaki? Hili la mwisho ndilo huwatenga walio wazoefu na wageni, kwani ladha inayobaki baada ya kumeza hueleza ukweli kuhusu kimea kuliko ile ya mwanzo.

Jambo la nne ni kulinganisha. Kikombe kimoja hakina mwenzake wa kubishana naye. Vikombe viwili, kimoja cha busaa ya kimea cha wimbi na kingine cha kimea cha nafaka nyingine, humfunza mtu kwa dakika chache yale ambayo angeyakosa kwa miaka mingi ya kunywa kimoja. Jambo la tano ni kusema. Anayeonja na kunyamaza hajamaliza kuonja. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mwenye pombe ndiye huonja kwanza mbele ya wageni, kwa usalama na kwa heshima. Desturi hiyo inaweza kupanuliwa: naye aliyealikwa, baada ya kuonja, aseme alichokipata kwa maneno mahususi.

Maarifa haya si ya wanywaji pekee. Bungoma ina waumini wengi wa makanisa yanayokataza pombe, hasa Waquaker, ambao misheni yao ya kwanza magharibi mwa Kenya ilianzishwa Kaimosi mwaka 1902. Msamiati uleule hutumika kuonja uji wa wimbi uliochachushwa, au togwa ya Tanzania, ambayo huumuliwa kwa kimea bila kukusudiwa kulevya. Nao Wachaga wa Kilimanjaro hutia kimea cha wimbi katika mbege yao ya ndizi, na ukakasi wake ndio huukata utamu wa ndizi. Wimbi ni lilelile, na ulimi ni uleule.

Neno "kali" na madhara yake

Kati ya maneno yote ya ladha, lililo hatari zaidi ni "kali". Maziwa yaliyolala ni makali, pilipili ni kali, limau ni kali, na pombe yenye kileo kingi ni kali. Neno moja hubeba maana nne. Mnywaji anaposema anataka busaa kali, huenda anataka uchachu uliokomaa, au huenda anataka kulewa upesi. Mwuzaji asiyejali huchagua tafsiri iliyo rahisi: hupunguza wimbi, ambalo ni ghali, na huongeza kileo kutoka kwingine. Mnywaji huionja, huiona kali, na kuisifu. Mgema amesifiwa, na safari hii hakulitia tembo maji bali kitu kibaya kuliko maji.

Madhara ya kileo kilichochakachuliwa si hadithi. Mwezi Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walifariki jijini Nairobi kwa kunywa pombe iliyokuwa na methanoli, na wengine wakapofuka. Pombe hiyo haikuwa busaa, lakini mkasa huo ulizidisha hofu iliyozikumba pombe zote za kienyeji, nzuri kwa mbaya. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilifuta marufuku ya chang'aa iliyowekwa na sheria ya mwaka 1980, na kuelekeza kwamba pombe zitengenezwe kwa leseni na kwa viwango. Kuandika viwango ni jambo moja. Kuwa na raia wanaotambua ubora ni jambo jingine.

Hapa ukweli mmoja hauna budi kusisitizwa. Ulimi si maabara. Methanoli haitofautishwi na kileo cha kawaida kwa kuonjwa, na sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu kwenye nafaka isiyokauka vizuri, haina ladha ya kuitegemea. Sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, waliokuwa wamekula mahindi. Mwonjaji hodari anaweza kutambua maji, sukari, moto uliozidi na kimea kilichopungua. Sumu anaweza asiitambue. Basi faida ya kuonja si kutambua sumu, bali kuondoa soko la kinywaji kisicho na sifa nyingine ila kulevya. Pale wanywaji wanapodai ukakasi wa wimbi na harufu ya unga uliokaangwa, mwuzaji hapati faida kwa kuongeza ukali mtupu.

Funzo kutoka Bierzo

Kwamba kuonja kunaweza kuunusuru mmea kumedhihirika kwingineko. Kaskazini-magharibi mwa Hispania kuna eneo liitwalo Bierzo, ambako hustawi zabibu nyekundu iitwayo Mencía. Kwa muda mrefu mvinyo wake ulihesabiwa kuwa wa kunywewa na wenyeji, mwepesi na usio na jina mbele ya mvinyo wa Rioja. Mizabibu mikongwe ilisimama kwenye miteremko mikali isiyolimika kwa mashine, na kazi yake ilikuwa nyingi, mithili ya kazi ya wimbi. Mwaka 1989 Bierzo ilipewa utambulisho rasmi wa eneo la mvinyo. Mwaka 1999 Álvaro Palacios na mpwa wake Ricardo Pérez walianzisha huko kampuni ya Descendientes de J. Palacios, wakatengeneza mvinyo kutokana na mizabibu hiyohiyo mikongwe ya miteremko ya Corullón. Waonjaji walipopata maneno ya kuueleza, wakitaja harufu ya matunda mekundu na maua na ugwadu wake safi, mvinyo huo ulipata bei, na mizabibu mikongwe ikawa na sababu ya kutong'olewa.

Bungoma na Kitale si Bierzo, na busaa haiwezi kukaa kwenye chupa kwa miaka kama mvinyo. Ni kinywaji cha siku chache, cha kunyweka karibu na kilipopikiwa. Hata hivyo kanuni ni ileile. Mkulima hulima kinachonunuliwa, mnunuzi hununua anachokitambua, na mtu hukitambua kwa urahisi zaidi kile anachoweza kukitaja.

Hitimisho

Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi Agosti ukifika, njuga za watahiriwa husikika Bungoma na sehemu za Trans Nzoia. Siku chache kabla ya kutahiriwa, mvulana wa Kibukusu hushiriki katika khuchukhila, tendo la kumimina maji katika mtungi wa pombe ya sherehe yake. Wazee wataionja pombe hiyo. Kama watasema tu kwamba ni nzuri, hakuna atakayejua kama kimea kilikuwa cha wimbi au cha chochote kilichopatikana dukani, na baada ya kizazi kimoja hakuna atakayeuliza.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya wimbi na uwele. Tangazo kama hilo hufaa, lakini mwaka hupita. Kazi inayobaki ni ya wenye lugha. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Webuye, Kimilili, Chwele, Endebess au Kiminini wanaweza kuanzia nyumbani: kuwasikiliza mama na nyanya wanaopika, kuandika maneno yao ya Lubukusu, Kisabaoti na Kiteso kuhusu ladha, na kuyalinganisha na ukakasi, ugwadu na uchachu wa Kiswahili. Msamiati unaokusanywa hivyo hauwezi kulilima shamba la wimbi, lakini unaweza kumpa mnunuzi sababu ya kulitafuta na mkulima sababu ya kulipanda.

Mgema asifiwe, kwa kuwa anastahili. Lakini asifiwe kwa jina la kila alichokiweka mtunguni, na siku akitia maji, aambiwe.